Njugu Nilizozipa Maji

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilikuwa Jumatatu ya mvua hapa Malaba. Nilikuwa nimejifungia chumbani mchana kweupe, nikiogopa kusikia hodi. Mlango wangu ulikuwa wa mabati, na kila tone lililoupiga nilidhani ni kidole cha mtu.

Nakuita mwanangu, Akisa, ingawa sina mvi hata moja. Baba yako ni kaka yangu, na kwetu mtoto wa ndugu yako ni wako. Umeniandikia kwamba unataka kuanza kuuza unga wa uji pale Nambale, unga wa wimbi uliochanganywa na njugu, ukaniuliza uanzie wapi. Ningekujibu kwa simu, lakini unanijua. Kwenye simu mimi husema ndiyo, sawa, ndiyo, mpaka mtu akate. Basi vumilia mwandiko wangu usome hadi mwisho, kwa sababu habari hii sijawahi kuieleza yote kwa mtu mmoja.

Nilipoanza biashara nilikuwa na miaka ishirini hivi. Shule niliachia darasa la nane. Vijana wenzangu waliendesha boda boda, wengine walihudumia madereva wa malori yanayopanga foleni kuingia Uganda. Kazi hizo zinataka mdomo. Unamwita mteja, unabishana naye, unamcheka naye anakucheka. Mimi nikiitwa jina langu tu nilikuwa natazama viatu. Nikaona afadhali njugu, hazina maneno. Unazinunua na maganda yake, unazimenya, unazikaanga, unazipeleka kwenye mashine zisagwe, unajaza mikebe midogo na kuipanga mezani mbele ya nyumba. Anayetaka atakuja mwenyewe.

Njugu nilinunua kwa Toto Amoit. Toto kwa Kiteso ni mama, na pale sokoni hata wazee waliomzidi umri walimwita hivyo. Wakulima wa ng'ambo walimletea kwa magunia. Kabla hajapokea gunia aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa njugu moja ya katikati, akaitikisa karibu na sikio. Kama mbegu haikulia ndani ya ganda, gunia lilirudi lilikotoka. Wabebaji walimtania kwamba anapigia njugu simu. Naye aliwajibu kuwa angalau njugu hazimdanganyi zilipo.

Siku ya kwanza aliponiuzia aliniambia jambo moja tu, kwamba nisizipe maji. Nilijua anachosema. Wengi wanaomenya njugu kwa mikono huzinyunyizia maji jioni, wakazifunga, ili asubuhi maganda yawe laini, yasiumize vidole, na mbegu zitoke nzima bila kupasuka. Wenye bahati ya jua huzianika zikakauka upesi, kwa hiyo wanasema hakuna ubaya. Toto Amoit alisema ubaya upo, ila hauna haraka.

Miezi mitatu nilimenya kavu. Vidole vilivimba na kupasuka. Wasichana wa pale bombani walinicheka, wakasema kumenya ni kazi ya kike, wakaniuliza nikiolewa nitatolewa ng'ombe wangapi. Nilivumilia. Meza yangu ilianza kujulikana, na nilianza kuamini kwamba hata mtu asiyesema anaweza kula jasho lake.

Kisha ukaja msimu wa mvua, na pamoja nao kazi kubwa ya kwanza. Kina mama wanaopeleka watoto kupimwa uzito walikuwa wameambiwa na nesi waongeze njugu kidogo kwenye uji. Mmoja wao, Mama Nekesa, alikaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mtoto wake Nekesa alikuwa na miezi kumi. Yeye ndiye aliyewakusanya wenzake, akaniambia wanataka mikebe kumi na miwili, na iwe tayari Jumamosi. Ilikuwa Jumanne. Nilitikisa kichwa kukubali. Sikusema kwamba mikono yangu peke yake haiwezi kumenya njugu zote hizo kavu kwa siku nne.

Jioni ile nikazipa maji.

Nilingoja jua la Jumatano lakini halikutoka. Alhamisi halikutoka. Gunia lilikaa limefungwa kwenye kona, maana nikilifungua paa lingevujia humo. Ijumaa asubuhi nilipofungua mdomo wa gunia, joto lilinipiga usoni kama pumzi ya mtu mwenye homa. Zilinuka nguo iliyokunjwa mbichi. Nilimenya chache nikaona vumbi la kijani, nyingine nyeusi kwenye ncha, nyingine nzuri kabisa kama hazijaguswa.

Sasa sikiliza vizuri, Akisa, kwa sababu kosa langu si lile la Jumanne. La Jumanne lilikuwa ujinga na haraka. Kosa langu ni la Ijumaa. Mama Nekesa alikuwa uani kwake anaosha vyombo. Ningetembea hatua ishirini nikamwambia, mama, njugu zimeharibika, sina. Sentensi moja tu. Nilisimama mlangoni nikiwa nayo mdomoni, nikaimeza, nikarudi ndani. Ikawa rahisi kwangu kuchagua njugu mchana kutwa kuliko kusema neno moja. Nilitupa zile mbaya sana. Zilizobaki nilizikaanga kwa muda mrefu mpaka rangi zikafanana, nikaongeza chumvi, na sukari kidogo, maana zilikuwa na uchungu. Jumamosi wakachukua mikebe kumi na mmoja. Wa kumi na mbili mwenyewe hakuja.

Jumatatu asubuhi, nikiwa nachota maji bombani, nikasikia wanawake wakisema kwamba Nekesa anatapika tangu Jumapili, hata maziwa hayakai, na alfajiri wamempakia kwenye boda boda kumpeleka hospitali kule Kocholia. Mmoja akanitazama akaniuliza kama na mimi ni mgonjwa. Niliacha ndoo pale pale.

Uoga ule, mwanangu, sitaki uujue. Nilikaa chini nyuma ya mlango. Niliona mtoto amekufa. Niliona wengine kumi wakifuata mmoja mmoja, kwa kuwa mikebe ilikuwa kwenye nyumba zao wakati huo huo, na pengine uji ulikuwa mezani. Na bado sikuinuka. Kila nilipotaka kuinuka nilimwona Baba Nekesa, mtu anayepakua mifuko ya saruji kwenye malori, na nikakumbuka watu wanavyokusanyika hapa mpakani mtu akipigiwa kelele. Nikaanza kufikiria njia za kuvukia ng'ambo.

Mchana hodi ikaja. Sikujibu.

"Fungua," sauti ya Toto Amoit ikasema. "Nakusikia ukipumua."

Alikuwa amekuja kuona kwa nini sikufika kuchukua njugu. Aliangalia meza iliyo tupu, akaniangalia mimi, akaomba mkebe. Nilimpa ule wa kumi na mbili. Alichovya ncha ya kidole, akaonja, akatoka kutema kwenye mvua, akakinga maji ya paa kwa kiganja akasukutua. Aliporudi hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Ulizipa maji."

Nikatazama viatu vyangu.

"Wewe mwenyewe ulizila?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Swali lile, mwanangu, ninalo mpaka leo. Kabla sijauza kitu chochote najiuliza: wewe mwenyewe umekila?

Nikamweleza nilivyozichagua, na habari za Nekesa. Aliketi kwenye kitanda changu kama mtu aliyechoka ghafula. Akasema zamani, kabla hajajua, aliona hasara kutupa njugu zilizoota ukungu, akawapa bata wake. Bata kumi na wanne. Siku ya tatu akabaki na wawili, nao wakitembea kwa kuyumba. Alipowapasua akakuta maini yao yamebadilika rangi. Tangu siku ile hakumpa hata kuku njugu ya namna ile, wala hakuitupa mahali mtoto atapita.

"Ukungu una mizizi," akasema. "Wewe ulitupa majani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na haya maradhi hata si yako, ni ya mtoto wa mwenzio. Kule hospitali wanatafuta wasichokijua. Chukua mkebe huu, nenda umwambie nesi."

"Watanipiga, Toto."

"Labda," akasema. "Vaa koti, mvua bado."

Yeye akatoka kuzunguka nyumba za jirani kuwaonya kina mama wasiguse mikebe mpaka nirudi. Alisema kuichukua na kueleza sababu ni kazi yangu, na mdomo wa kueleza ni wangu.

Safari ya boda boda hadi Kocholia sikumbuki. Nakumbuka mkebe ndani ya koti, kwamba ulikuwa mwepesi. Nekesa alikuwa amelala na dripu kwenye mkono mdogo kama kijiti, macho yamefungwa. Mama yake alikuwa amekaa kando, baba amesimama. Nikasema nikitazama sakafu. Nilisema njugu zilikuwa na ukungu. Nikataka kuishia hapo, lakini nikaona mkono ule wa mtoto, nikaongeza, "Nilijua." Neno hilo lilinitoka kama jino.

Baba Nekesa akapiga hatua moja. Mama akamshika shati bila kunitazama.

"Nenda kwa nesi," akaniambia. "Kisha usirudi hapa ndani."

Nesi alinifanya niseme mara mbili, akaandika, akachukua mkebe. Akasema sasa wataangalia na ini pia, na watachunguza kama macho ya mtoto yanageuka manjano. Akaniambia nimefanya vizuri kuja. Halafu akaniuliza kama mikebe mingine nimeikusanya. Nikasema bado.

Nilikaa kibarazani kwanza, nikitazama mlango wa wodi. Baadaye Baba Nekesa akatoka, akaja kusimama karibu nami hata nikasikia harufu ya saruji kwenye nguo zake. Nikajikunja.

"Unangoja nini?" akauliza.

"Macho yake."

"Hata mimi," akasema, na akaketi kwenye benchi, upande ule mwingine.

Nesi alipotoka alisema macho bado ni meupe, lakini wataendelea kumwangalia. Hapo ndipo nikarudi Malaba kugonga milango.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kibaya changu nilikitembeza kwa kukirudisha, nyumba kumi, siku mbili, mvua ikininyeshea. Kila mlango niliogopa kuliko uliotangulia, kwa sababu habari ilinitangulia. Mmoja alinifungia usoni, akatupa mkebe dirishani. Mwingine aliita majirani waje wasikie, akasema, "Kumbe huyu ana sauti. Tulidhani ni bubu." Bibi mmoja hakutaka kunirudishia kabisa, akasema ni tamu na yeye ni mzee, atakufa kwa kitu gani kingine? Nilimsihi hadi akaona ninalia. Wawili walikuwa wamewapa watoto tayari. Nyumba hizo mbili nilipita kila asubuhi kwa majuma matatu kuuliza mtoto ameamkaje, hata waliponichoka. Namshukuru Mungu, waliamka salama. Mikebe yote nilimwaga kwenye shimo refu nyuma ya nyumba pamoja na gunia lililobaki, nikafukia, Toto Amoit akiwa amesimama juu yangu kama mtu mazikoni.

Nekesa alirudi nyumbani Alhamisi. Macho hayakugeuka rangi. Daktari alisema huenda zilikuwa njugu, huenda yalikuwa maji ya kunywa, maana mvua zile zililaza watoto wengi. Watu wakanishika bega wakasema, unaona, huenda si wewe. Wananifariji, lakini neno hilo huenda ni baya sana kulala nalo. Miaka saba imepita. Meza yangu imekuwa duka. Nekesa anapita hapa akitoka shule, ananunua njugu za kukaanga, ananiita Ankol. Kabla sijapokea pesa yake huwa namwangalia macho. Yeye hudhani namtania, hunitolea mimacho yote miwili.

Sasa haya ndiyo uliyoniuliza, mwanangu. Anzia kwa kitu kimoja na ukijue hadi ndani ya ganda. Njugu na wimbi uvianike juu ya turubai, visiguse udongo, mpaka vilie ukivitikisa, na usifunge gunia lenye joto. Usifuate njia ya mkato kwa sababu sokoni kila mtu anaifuata. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na katika kazi yetu guu linalovunjika huwa la mtoto wa mtu. Kilichooza kizike, usikichague, usikikaange, usimpe hata kuku. Wewe uwe wa kwanza kunywa uji wa unga wako, kila mara unaposaga, mbele ya watu ukiweza.

Na jifunze kusema sina. Nimekutazama tangu ukiwa mdogo, wewe ni mpole kama mimi, unajificha nyuma ya mlango wageni wakija. Upole si dhambi. Lakini neno sina lifanyie mazoezi peke yako, kwa sauti, kama unavyofanya mazoezi ya kusoma, ili siku likihitajika likukute tayari. Kama ni kuogopa, ogopa Ijumaa mbele ya gunia. Usingoje Jumatatu nyuma ya mlango.

Mungu akupe jua siku utakayoanika, na mvua ikinyesha akupe moyo wa kungoja. Wateja wako wanywe wakue, na watoto wao wapite mbele ya meza yako wakikimbia. Nenda, Akisa. Nitakuwa wa kwanza kuja Nambale kuonja.