Nilivyohamisha mikoko ya Tudor hadi Uhispania na kugombanisha marafiki wawili

Wakuu, salaam aleikum. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na natamani yangekuwa ya kutunga.

Kazi yangu ni ramani. Nakaa Mji wa Kale, Mombasa, kwa shangazi yangu, Shangazi Zuhura, na mtaani huniita Bwana Setilaiti. Jina hilo nilijipa mwenyewe, kusema kweli.

Shangazi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaopanda mikoko kule Tudor. Magoti yamemchoka, hateremki tena matopeni, kwa hiyo shamba huangaliwa na rafiki yake Bi Rehema, anayekaa huko huko.

Hawa wawili wamesoma chuo cha Qur'ani pamoja, wakaanza kuvaa buibui pamoja, wakaleleana watoto. Mmoja akiugua, mwengine ndiye anayempikia uji.

Wafadhili wakataka ripoti: miche imeshika au haikushika?

Mtu mwenye akili angepanda tuktuk akaenda kuangalia. Tudor si safari.

Mimi nikasema, "Shangazi, mambo ya kukanyaga matope yamepitwa na wakati. Nitakutolea picha. Setilaiti haisemi uongo."

Nikadownload picha, nikaingiza coordinates za shamba, yaani namba za mahali lilipo, nikaiambia programu inikatie kipande hicho tu.

Ikaja ardhi kavu, nyekundu. Vichaka vya kijivu vimesimama mbalimbali kwa mistari. Mkoko wa kijani, hata wa dawa hakuna.

Hapo ndipo elimu ilipoanza kunichezea. Kukosa maji hakukunishangaza, nikasema bahari imekupwa. Wekundu nao haukunishangaza, nikasema chumvi imezidi ardhini. Nikajaza kurasa kwa Kiingereza kizito nikieleza mikoko ilivyokufa, na mwisho nikawapongeza akina mama kwa kunyoosha mistari.

Nilipomsomea shangazi, aliuliza, "Una hakika, mwanangu?"

"Asilimia mia," nikamwambia, nikatoka zangu kwenda ufukweni Mama Ngina kula mihogo.

Niliporudi, simu ilikuwa imeshapigwa. Shangazi alikuwa amemwambia Bi Rehema kwamba miche imekufa, na kwamba yeye Rehema alikuwa akimficha, kila siku akisema inaendelea vizuri.

Bi Rehema akajibu, "Zuhura, mimi waniita mwongo?"

Shangazi akasema picha zipo. Simu ikakatwa.

Tangu siku ile Bi Rehema akaacha kuja kwetu. Shangazi akawa hali vizuri, halali vizuri, anaitazama ile simu haimwambii kitu. Na mimi, juha, nikamliwaza eti sayansi ndivyo ilivyo.

Sasa ripoti ilihitaji picha ya jalada. Nikazoom out ili creek yote ya Tudor, ule mkono wa bahari, ionekane.

Hakuna creek.

Nikavuta zaidi. Hakuna Nyali, hakuna Likoni, hakuna kisiwa. Wakuu, kwa muda kidogo niliamini Mombasa imezama na mimi nimo ndani sina habari. Kisha nikasoma majina ya vijiji. Yalikuwa ya Kihispania, na ile "mikoko" yangu ilikuwa mizeituni ya watu.

Kwa msio wa fani hii, iko hivi. Kila mahali duniani pana namba mbili: moja ya kaskazini na kusini, nyengine ya mashariki na magharibi. Kuna standard inayotanguliza hii, kuna inayotanguliza ile, na zote halali. Ndiyo sababu faili huja na metadata, maelezo ya kukwambia namba ipi imetangulia.

Maelezo yalikuwepo, juu kabisa. Sikuyasoma. Nikaingiza namba kinyume, na namba za Mombasa ukizigeuza zinakutua katikati ya Uhispania. Kwa hiyo setilaiti kweli haikusema uongo. Ilinionyesha Uhispania vizuri sana.

Nikarekebisha. Ikaja kijani tupu, mashaallah, mikoko imeshika mpaka ukingoni.

Nikamwonyesha shangazi huku nacheka, nikidhani naye atacheka. Hakucheka.

"Wewe umekosea namba, mwanangu," akasema. "Mimi nimemkosea Rehema."

Akalia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tukaenda Tudor. Nikatangulia mimi kuomba radhi, nikaeleza habari za coordinates mpaka jasho likanitoka. Bi Rehema akanisikiliza kwa adabu, akanisamehe palepale. "Wewe ni mtoto," akasema. Nina kipara, wakuu, lakini nilikubali.

Kisha akamgeukia shangazi.

"Yeye hanijui. Wewe wanijua."

Shangazi aliomba radhi, akaambiwa yamekwisha, tukapewa chai, tukarudi.

Ripoti imekubaliwa. Mikoko inazidi kurefuka. Shangazi akipiga simu, Bi Rehema anapokea, anauliza hali ya magoti, anaaga. Lakini nyumbani kwetu hajakanyaga tena.

Funzo: soma metadata kabla hujafungua mdomo. Na kama mahali penyewe pako karibu, nenda kwa miguu yako ukaone, hasa ikiwa kuna jina la mtu ndani yake.

Sasa nyinyi mliowahi kugombanisha wazee wenu, mliwapatanisha vipi? Mnitukane kwanza kama mnataka, nimestahili. Halafu mnishauri, maana ramani ya njia hii mimi sina.