Lusia Amsi, Mpishi Aliyetufundisha Kucheza

Lusia Amsi alikuja shuleni kwetu kuomba kazi ya kupika mwaka ule hoteli za Karatu zilipofungwa kwa sababu ya corona. Mimi nilikuwa nafundisha hisabati hapo, na ndimi niliyemfungulia geti, kwa kuwa mlinzi alikuwa amekwenda kunywa chai. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja, mrefu, mwembamba, amevaa sweta la kijani, mkononi ana barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nilimuuliza alikuwa akifanya kazi gani kabla.

"Nilikuwa nacheza," akasema.

"Unacheza nini?"

"Ngoma, mwalimu. Hotelini, kwa wageni. Miaka kumi na miwili."

Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Anneth, mama wa Kichaga asiyependa maneno mengi, alimpa mwiko siku hiyo hiyo. Shule yetu ni ya msingi, ya bweni, yenye watoto zaidi ya mia tatu. Karibu nusu ni Wairaqw, watoto wa wakulima wa ngano na maharage wa hapa hapa juu Karatu. Wengi wa waliobaki ni Wamasai waliotoka mbali, upande wa Loliondo: Oloipiri, Soitsambu na vijiji vya huko. Kutoka dirisha la jikoni Lusia aliona jambo ambalo sisi walimu tulikuwa tumelizoea hadi hatulioni tena. Bwaloni watoto walikaa pande mbili. Hakuna aliyewapanga. Mtoto wa Kiiraqw akikosa nafasi upande wake, alikula amesimama.

Mapema mwaka uliofuata, wasichana wawili wa darasa la nne walipigana bombani. Mmoja ni Brigita Tluway, binti wa Mzee Remigius, mwenyekiti wa kamati ya shule. Mwingine ni Nareyu, Mmasai kutoka Oloipiri. Brigita alikuwa amemcheka Nareyu masikio yake yaliyotobolewa, na Nareyu akamwambia kwamba Wambulu, yaani Wairaqw, ni wezi wa ng'ombe. Waliachanishwa, wakaadhibiwa, na jioni wakarudi kila mmoja upande wake.

Mwalimu Anneth alimfuata Lusia jikoni. "Dada Lusia, wewe ulikuwa unacheza ngoma. Jumamosi hawa watoto hawana cha kufanya ila kugombana. Wafundishe."

Lusia alifurahi sana. Jumamosi ya kwanza alikuja na shuka jekundu na shanga zake za hotelini, akawapanga watoto arobaini uwanjani, akaanza kuwafundisha ngoma ya Kimasai aliyoifahamu. Akaimba, akaruka juu, akatua, akaruka tena. Watoto wa Kiiraqw walimfuata. Wa Kimasai walianza kuangaliana, kisha wakaangua kicheko. Nareyu hakucheka. Alinyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mwalimu, hiyo si yetu."

"Ni yenu. Nimeicheza miaka kumi na miwili."

"Wanaoruka hivyo ni morani. Mama haruki hivyo. Na huo wimbo hauna maneno."

"Una maneno, Nareyu. Umenisikia nikiimba."

"Nimesikia sauti. Mimi ni Mmasai na sijaelewa hata moja."

Nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza nasahihisha madaftari, na nilimwona Lusia akivua shanga polepole na kuzishika mkononi. Baadaye aliniambia ukweli wote. Katika kikundi chao cha hotelini hapakuwa na Mmasai hata mmoja. Walikuwa Wairaqw wanane, na kijana mmoja kutoka Arusha aliyekuwa akipiga filimbi. Wageni waliulizia Wamasai, meneja akanunua mashuka, na maneno ya nyimbo waliyaokota kwa kusikia.

"Wageni walipiga makofi, mwalimu," aliniambia. "Mimi nikadhani najua. Leo nimefundishwa na mtoto wa darasa la nne."

Mtu mwingine angeiacha kazi hiyo na kurudi kwenye masufuria yake. Lusia alimwita Nareyu jikoni na kumuuliza kwao nani anajua kuimba. Nareyu akajibu kwamba ni koko wake, yaani bibi yake. Likizo ya Juni ilipofika, Lusia aliomba ruhusa, akapanda basi pamoja na watoto wa Loliondo waliokuwa wanarudi nyumbani.

Alikuwa ameishi maisha yake yote chini ya Ngorongoro na hakuwahi kuvuka upande wa pili. Basi lilipita juu ya kreta katika ukungu wa baridi, likashuka kwenye mbuga tupu, likala vumbi mchana kutwa. Jioni waliingia Wasso, wakalala gesti, na asubuhi bodaboda ikawafikisha Oloipiri.

Koko alikuwa mama mzee mwenye macho makali na Kiswahili kidogo. Lusia alimwinamia, naye akamwekea mkono kichwani kama mtoto. Nareyu alipomweleza mgeni amefuata nini, koko alisema, "Akae." Basi. Siku tatu Lusia alikaa. Aliteka maji, alikamua, alikata kuni pamoja na wanawake wa boma, na hakuna aliyemwimbia kitu. Siku ya nne, wakiwa wanakamua, koko akaanza wimbo mwenyewe. Nareyu alitafsiri mstari kwa mstari. Ulikuwa wimbo wa ng'ombe mmoja, jike jeupe lenye mabaka mekundu, lililopotea wakati wa kiangazi na kurudi peke yake likiwa na ndama.

"Pembe zake zilikuwaje?" Lusia akauliza.

Koko aliacha kukamua, akamtazama. Hilo ni swali la mtu aliyekua na ng'ombe. Akaonyesha kwa mikono: moja juu, moja imeinama kidogo kuelekea jicho. Kuanzia hapo alimfundisha kweli. Alimfundisha kwamba mwanamke huchezesha shingo na mabega hadi mkufu mpana wa shanga unyanyuke na kushuka wenyewe; kwamba kiongozi hutupa mstari na wengine hupokea; na kwamba huwezi kuimba kuhusu ng'ombe usiyeweza kumwona kichwani mwako.

Baba yake Nareyu, Mzee Lesiamon, alirudi kutoka mnadani akamkuta mgeni. Aliposikia anatoka Karatu, aliegemea fimbo yake.

"Wewe ni Mmbulu."

"Ndiyo, mzee."

"Babu zako na babu zangu waliuana kwa ajili ya ng'ombe."

"Na mimi niliambiwa hivyo nyumbani," Lusia akajibu. "Ila kwetu tulisema ninyi ndio mlioanza."

Lesiamon alitabasamu kidogo. "Huku tunasema ninyi." Kisha akauliza, "Na ninyi mnachezaje?"

Lusia aliniambia kwamba swali hilo lilimshtua. Miaka yote ya hotelini hakuna aliyewahi kumuuliza. Alisimama katikati ya boma, akaimba, kama mama yake alivyoimba, wimbo wa Kiiraqw wa kumpokea bibi harusi, akacheza kama walivyocheza wanawake wa kwao alipokuwa mdogo. Mwanzo walimtazama. Kisha wanawake wawili wakasimama mbele yake, wakaanza kujaribu miguu yake, na koko akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya shuka.

Aliporudi shuleni hakufundisha tena peke yake. Watoto wa Kimasai aliwapa kazi ya kuwafundisha Wairaqw wimbo wa koko, na Wairaqw wawafundishe Wamasai wimbo wa bibi harusi. Kiongozi wa wimbo wa Kimasai akawa Brigita, kwa sababu alikuwa na sauti nzuri kuliko wote. Kiongozi wa wimbo wa Kiiraqw akawa Nareyu. Wale wawili walikuwa hawajasemeshana tangu ugomvi wa bombani. Sasa ilibidi wakae pamoja, mmoja akitafuta maneno ya mwenzake. Kiiraqw kina sauti zinazotokea pembeni mwa ulimi, na Nareyu alishindwa hata kutamka jina la ukoo la Brigita. Alisema "Kluwai". Brigita alimshika mashavu kumwonyesha ulimi unapokaa. Nilipita karibu nikawasikia wanacheka hadi wanakohoa.

Halafu Mzee Remigius akaja. Alikuja na koti lake la Jumapili, akaomba kikao na mwalimu mkuu, na Lusia akaitwa kutoka jikoni akiwa bado na aproni.

"Binti yangu akija nyumbani anaimba Kimasai," Mzee Remigius alisema. "Anaimba akikamua, anaimba akifua. Mimi ni mzee wa kanisa, na nimemleta mtoto asome. Sikumleta arukeruke."

Mwalimu Anneth alitaka kujibu, lakini Lusia aliomba aseme yeye.

"Mzee wangu, mimi nilivaa shuka la Kimasai hotelini miaka kumi na miwili. Sikujua ya Wamasai, na ya kwetu nilikuwa naisahau. Binti yako anajua zote mbili. Naomba kitu kimoja. Njoo Jumamosi uangalie. Ukiona ubaya, nitaacha."

Alikuja. Alisimama nyuma kabisa, mikono ndani ya koti. Watoto walianza na wimbo wa bibi harusi, na aliyetoka mbele kuongoza alikuwa Nareyu. Aliimba maneno yote, safi, hata yale ya pembeni mwa ulimi. Nilimwangalia Mzee Remigius. Alikuwa amenyanyua kidevu kidogo, kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Wimbo ulipokwisha alikwenda moja kwa moja hadi mbele ya watoto.

"Nani aliwafundisha kuanza na mguu wa kulia?"

"Mimi, mzee," Lusia akasema.

"Ni wa kushoto." Akavua koti, akampa Nareyu alishike, akaonyesha. Alikuwa na miaka sitini na mitano na alicheza kama kijana. "Mama yangu alicheza huu. Tena."

Tangu Jumamosi hiyo alikosa mara chache sana.

Mwaka uliofuata, siku ya wazazi, Mzee Lesiamon na koko walisafiri siku mbili kuja kuona. Walikalishwa benchi moja na Mzee Remigius. Brigita alipotoa wimbo wa ng'ombe mwenye mabaka, koko alisimama kabla ya mstari wa pili, akaupokea, na wanawake wa Kimasai waliokuwepo wakaupokea pamoja naye. Afisa mmoja aliyekuwa mgeni wetu aliniuliza yule msichana anayeongoza anatoka boma la nani. Nilimwambia kwamba ni Mwiraqw, nyumbani kwao panaonekana kutoka hapa tulipo. Hakuamini mpaka nilipomwonyesha baba yake.

Nimefundisha miaka ishirini na mbili. Nina wanafunzi waliokuja kuwa wahandisi. Lakini sijawahi kuvimba kifua kama nilivyovimba kwa kitu kilichotokea Desemba ya mwaka 2023, na hakikuwa na ngoma ndani yake. Zile mvua kubwa zilikata barabara. Watoto wa Karatu walikuwa wamekwisha kufunga shule na kwenda kwao, na wa Loliondo zaidi ya ishirini, wa basi la mwisho, walibaki bwenini na mabegi yao, wakisubiri basi lisilokuja. Chakula kilikuwa kinaisha. Mwalimu Anneth alikuwa anapiga simu huku na huku, wilayani na kwa wenye mabasi.

Siku ya tatu tulisikia trekta. Ilikuwa ya Mzee Remigius, inavuta tela kwenye tope, na Brigita ameketi juu ya tela amejifunika nailoni. "Nimekuja kumchukua Nareyu na wenzake watano," alisema. "Wengine wanafuatwa. Nimepita kwa majirani."

Hadi jioni walikuja wazazi kumi na tisa, kwa trekta, kwa pikipiki, kwa miguu. Hakuna aliyeitwa na shule. Kila mmoja alitaja mtoto kwa jina, kwa sababu mtoto wake nyumbani alikuwa amemtaja: yule tunayecheza naye mstari mmoja. Kufikia saa kumi na mbili bweni lilikuwa tupu. Lusia alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, hana mtu wa kumpikia. Nilimuuliza anawaza nini.

"Nawaza kwamba leo watakula wote upande mmoja," akasema, akaingia ndani kuosha sufuria.

Watoto wale walikula Krismasi Karatu. Barabara ilipofunguka Januari, Mzee Lesiamon alikuja mwenyewe na mbuzi watatu, akawachinjia wenye nyumba waliowapokea watoto, na alilala siku mbili kwa Mzee Remigius. Nasikia walibishana usiku na mchana kuhusu nani alianza wizi wa ng'ombe na hawakuafikiana.

Nareyu na Brigita sasa wako sekondari. Lusia bado anapika asubuhi. Mchana anafundisha ngoma shule tatu, na shule mbili kati ya hizo zilimfuata zenyewe. Mwaka huu tumepokea watoto saba wa Kibarbaig kutoka upande wa ziwa Eyasi. Wamekaa peke yao kwenye meza ya mwisho. Juzi nilimkuta Lusia amekaa nao, anamuuliza mmoja wao nyumbani kwao nani anajua kuimba. Ameshaomba ruhusa ya Juni, na safari hii amesema niende naye.