Tofali za Nyumba ya Kilimani

Mimi nina mdomo, na mtaa wetu wa bondeni hapa Kasulu unaujua vizuri. Kiangazi kikiingia, watu wanachoma mashamba, wanachoma nyasi, wanachoma takataka, na baridi ya asubuhi inaukandamiza moshi wote huku chini kwetu. Hautoki. Mpaka jua likolee, saa nne hivi, na upepo uamke, ndipo unapanda na kutuachia. Sasa binti yangu wa miaka tisa ana pumu, na hizo saa za moshi ndizo za kwenda shule. Kwa hiyo nilikuwa napita nyumba hadi nyumba, na nikimkuta mtu na kiberiti namwambia bila kumung'unya maneno: zima.

Kisha tukapata kiwanja kilimani. Siku ya kwanza kwenda kukiona nilimchukua binti, asubuhi ya Julai, dawa yake ya kuvuta nimeishika mkononi kabisa, siyo kwenye mkoba. Tulipanda pole pole. Kufika juu akaachia mkono wangu, akakimbia mpaka mwisho wa kiwanja, akarudi, akakimbia tena, na huku anaongea. Anataka chumba chenye dirisha upande huu, anataka kufuga sungura. Mtoto wa pumu huyo, anakimbia na kuongea kwa mkupuo mmoja! Furaha ilinizidi nikajikuta napiga vigelegele peke yangu kwenye majani makavu. Hapo hapo nikaamua: kiangazi kijacho hakitukuti bondeni, hata kama paa litakuwa la turubai.

Tangu siku hiyo sikushikika. Nikatafuta fundi wa tofali, nikanunua magogo, nikawa naosha vyombo huku naimba. Tofali tulizifyatua bondeni, nyuma ya nyumba tunayopanga, maana udongo mzuri na maji viko chini. Kilimani ni changarawe tupu. Na lazima zichomwe kabla ya mvua, la sivyo zinarudi kuwa tope. Fundi akaniambia tanuri likishawashwa linawaka siku tatu mfululizo, halizimwi katikati. Nikasema washa. Binti nikampeleka kwa shangazi yake Kibondo, na begi la nguo na dawa zake. Nilijiona mama mwenye akili kuliko wote mtaani.

Asubuhi ya pili mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, yule niliyemfokea mwezi uliopita kwa kuchoma majani ya migomba. Alikuwa amembeba mwanawe wa miezi minane, mtoto anakohoa kikohozi kikavu kisichokatika. Nilijiandaa kwa ugomvi, na majibu nilikuwa nayo. Yeye akasema taratibu, "Dada, zahanati wameniambia nimtoe kwenye moshi. Wako umempeleka Kibondo. Wangu nimpeleke wapi?"

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Ningeweza kumwambia fundi abomoe tanuri, tofali zote ziharibike. Sikuthubutu, nasema ukweli. Nikamwambia avae viatu twende. Nilichukua chupa ya chai na kitenge cha kutandika, tukapanda kilimani, yeye na mtoto na mimi.

Juu kulikuwa na upepo mwembamba. Mtoto alikohoa, akakohoa tena kwa nafasi, halafu akalala. Mama yake akashusha pumzi, akamimina chai, akaniuliza sebule itakuwa wapi. Basi furaha yangu ikarudi mbio. Nikampimia sebule kwa hatua, nikampimia jiko, nikamsimamisha penye dirisha la binti, nikaongea kama redio iliyotiwa betri mpya. Hata akacheka, akasema nyumba itakuwa nzuri.

Halafu akageuka akatazama chini, akauliza, "Na kwangu ni wapi pale?"

Nilinyoosha kidole kabla sijaangalia. Nikatafuta bati lake, nikatafuta la kwangu, nikatafuta la shule. Bonde zima lilikuwa jeupe, hakuna bati wala mgomba. Mkono wangu ukabaki juu, nimenyoosha kidole pasipo na kitu.

"Hapaonekani," nikamwambia. "Ni moshi wangu."