Nilivyoitoa bunduki ya marehemu baba nikachukua rivolva mpya, Nizwa, wakati silaha zimeadimika

Wakuu, salaam aleikum.

Nimesoma uzi wa kijana mmoja humu anayetaka kununua rivolva haraka haraka, kwa sababu kasikia mzigo umekwisha madukani na hautarudi. Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja, nikaona hautoshi. Basi nafungua uzi wangu.

Haya yalinikuta mwenyewe, sikusimuliwa. Na pale nilipofanya upumbavu nitasema nilifanya upumbavu. Kiswahili changu ni cha Unguja ya zamani, mtanistahmilia.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Mie kijana, nimeoa juzi juzi, karani katika ofisi moja ya serikali hapa Ibra, Oman. Tulikuja na mama kutoka Unguja miaka michache nyuma. Baba alikuwa keshafariki kule kule.

Kiarabu changu wakati ule kilikuwa cha kuombea maji tu. Ofisini waliniita Zinjibari, yaani mtu wa Unguja. Hawakuniita kwa ubaya, lakini kila siku ukiitwa hivyo unajiona mgeni katika mji wa babu yako.

Mtu aliyetupokea alikuwa ami yangu, Ami Saidi, kaka mkubwa wa baba. Yeye aliishi Unguja ujanani, akarudi Ibra zamani sana, na Kiswahili alikuwa nacho chote.

Wiki ile ile tuliyofika, aliniita mbele ya wanaume wa ukoo, akanikabidhi bunduki. Ndefu, ya kizamani, ile ya kutia risasi moja moja, mtutu umefungwa pete za fedha. Akaniambia, "Hii ya baba yako. Babu yako alimwachia yeye. Mie nilikuwa naitunza tu."

Kumbe miaka yote ile alikuwa akiipaka mafuta ya cherehani, na yeye mwenyewe hana bunduki. Alikuwa na fimbo tu.

Nikaipokea, nikashukuru, nikaitundika ukutani. Wallahi, sikuijali. Niliiona kama kitu cha makumbusho.

Sasa kwa wasioijua Oman: siku ya Idi wanaume wanatoka na majambia yao kiunoni na silaha zao, wanajipanga, wanaimba, wanapiga risasi juu. Huwezi kusimama pale mikono mitupu ukajiona mtu.

Ofisini tulikuwa na mwenzetu, Nasser, mtu wa Al Qabil. Idi moja akaja na rivolva kiunoni, pembeni ya jambia. Nyeusi, inang'aa. Watu wote macho kwake. Mtu mmoja wa makamo akamwomba aishike kidogo.

Mie na bunduki yangu ndefu begani hakuna aliyenitazama.

Kuanzia siku ile nikaingiwa na wazimu wa rivolva.

Tatizo ni kwamba hazipo. Sijui nini kilitokea mwaka ule, kila mtu alikuwa na lake la kusema. Wengine wanasema meli hazikuleta, wengine wanasema vibali vinakazwa. Nilikwenda mpaka Sur, mwenye duka akanionesha rafu tupu. Risasi ndiyo usiseme, watu walikuwa wanaombana moja moja kama sigara.

Na kitu kikiadimika, wakuu, ndipo unapokitaka zaidi. Kama madukani zingejaa, nadhani ningesahau baada ya mwezi.

Basi siku moja ofisi ikanituma Nizwa na pikapu kupeleka makaratasi. Nikapita sokoni chini ya ngome, kwa muuza silaha mmoja mtu mzima. Nikamuuliza bila matumaini.

Akanitazama, akainama chini ya meza, akatoa boksi.

Mpya. Bado imefungwa karatasi yenye mafuta. Nikaishika, ikakaa mkononi kama imepimwa kwangu. Nilizungusha lile gurudumu la risasi, likatoa sauti kama saa nzuri ikitiwa ufunguo.

Nikamwambia nainunua. Akatikisa kichwa.

"Pesa sitaki," akasema. "Pesa leo kila mtu anazo. Nitafutie bunduki ya zamani yenye fedha, tubadilishane. Lakini fanya haraka, kuna mtu wa Manah anakuja Alkhamisi na yake."

Nikamwomba anishikie siku mbili tu.

Wakati huo Ami Saidi hayupo. Alikuwa kaenda Al Qabil kwa binti yake, alisema atakaa mpaka karibu na Idi ya Hajj. Na mie, nasema kweli, nilifurahi kwamba hayupo.

Nyumbani nikaiteremsha ile bunduki ukutani na kuifunga blanketi. Mke wangu Zuwena alikuwa mlangoni, ananitazama.

"Unaipeleka wapi?"

"Nizwa. Naibadilisha."

"Umemuuliza ami?"

"Bunduki yangu, nimuulize nini?"

"Sikukuuliza ya nani," akasema. "Nimekuuliza kama umemuuliza."

Nikakasirika, nikatoka. Mtu anayekasirika namna ile anajua fika kuwa ana makosa.

Nizwa mambo yalikwisha kwa dakika tano. Muuzaji akaitazama zile pete za fedha, akapitisha kidole, akanipa boksi langu na risasi sita. Sita tu. Nyingine akasema zitakuja. Nilipotoka sikugeuka hata kuitazama mara ya mwisho. Hilo mpaka leo linaniuma.

(Samahani, nilikwenda kuswali. Naendelea.)

Siku nne nilikuwa mfalme. Ofisini waliishika mmoja baada ya mwingine. Nasser mwenyewe akasema yangu nzuri kuliko yake. Hakuna aliyeniita Zinjibari wiki ile.

Siku mbili kabla ya Idi, baada ya alasiri, Ami Saidi akarudi. Hakupita kwake kwanza, alikuja moja kwa moja kwangu, na vumbi la njiani bado mguuni.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Kaa, kaa. Nimekuletea kitu."

Akavua kilemba chake, ndani yake kuna kifurushi kidogo. Akakifungua mkekani, taratibu.

Risasi. Za bunduki ya baba. Nilizihesabu kwa macho, ishirini.

Wakuu, kwa mwaka ule risasi ishirini za aina ile hungezipata hata ukilia. Akanieleza kwamba hakwenda Al Qabil kwa ajili ya binti yake. Alikwenda kumtafuta sahibu yake wa zamani, hakumkuta, akamfuata mpaka mashambani kwa punda, akakaa kwake siku sita mpaka yule mzee akalainika na kumpa.

"Nimewaambia watu," akasema, anacheka, "Idi hii mtoto wa ndugu yangu atasimama mbele, na bunduki ya baba yake itasema. Hawatakuita mgeni tena. Hebu ilete niitazame, huenda imeshika kutu."

Nikaanza kuzipanga zile risasi mkekani.

"Ipo wapi?"

"Nimeibadilisha, ami."

Nikamtolea rivolva, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Akaipokea, akaigeuza upande huu na huu. Nilitamani anipige. Nilitamani anitukane mbele ya mke wangu.

Akanirudishia, mpini umeelekea kwangu, kwa adabu kabisa.

"Nzuri," akasema. "Mabruk."

Akafunga kilemba chake, akashika fimbo, akaenda zake. Risasi aliziacha pale pale mkekani. Zuwena akaingia ndani, nikamsikia analia.

Asubuhi ya pili, alfajiri, nilikuwa njiani kwenda Nizwa. Nikamwambia yule muuzaji chukua rivolva yako na chochote nilicho nacho, nirudishie bunduki. Akasema ilikaa dukani kwake nusu siku tu. Kaichukua mgeni mpita njia, hajui jina lake, wala alikokwenda.

Idi hiyo nilisimama nyuma ya watu. Rivolva niliiacha nyumbani. Ami Saidi alisimama mbele na fimbo yake, anaimba na wenzake kama kwamba hakuna kilichotokea.

Niliitafuta miaka mingi. Sinaw, Sur, Bidiyah, kila soko la Alkhamisi. Kila nikiona pete za fedha moyo unaruka. Sikuipata. Na zile risasi nyingine za rivolva hazikuja kamwe.

Ami hakunitaja vibaya hata siku moja. Alikula kwangu, akawapa majina watoto wangu wawili. Na mie sikumwomba radhi. Nilijiambia keshasahau.

Miaka ya themanini akaugua. Nikawa nakaa naye hospitali mchana. Siku moja tuko wawili tu, nikapiga moyo konde nikamwambia, "Ami, ile bunduki. Nisamehe."

Akafumba macho, nikadhani kalala. Kisha akasema:

"Bunduki ilikuwa yako. Kuitoa hukunikosea. Ulinikosea kwa kungoja nisiwepo."

"Ungenikataza?"

"Ningekwenda nawe Nizwa," akasema. "Hujui kuuza, ungedanganywa."

Akacheka kidogo, na mie nikashindwa kucheka. Akanishika mkono, akasema keshanisamehe zamani, tena alidhani najua. Baada ya wiki mbili tukamzika.

Basi hilo ndilo langu. Mtaniambia nimesamehewa, nitulie. Ni kweli, kanisamehe. Lakini kwa miaka ile yote nilikuwa nikikaa naye kama mwizi, kumbe ningeweza kukaa naye kama mtoto wake. Hiyo ndiyo hasara yangu kubwa, na hakuna soko la kuitafutia.

Kijana wa ule uzi mwingine: kitu kikiadimika watakuharakisha. Ukijikuta unafurahi kwamba mtu fulani hayupo nyumbani, simama hapo hapo. Msubiri arudi.

Walionizidi umri humu, na wenye ami zao bado hai, semeni nanyi. Nasoma yote, hata ya kunilaumu.