Aliniambia Nisimwombee

Mie ndiye mwenye makosa. Naanza hivyo ili asije mtu akanitetea, maana nimeshajitetea vya kutosha na haikunisaidia kitu.

Nakaa Tabata. Kwenye jumuiya yetu, zile sala za nyumba kwa nyumba kila Jumamosi asubuhi, nilikuwa kiongozi wa maombi. Na nilikuwa naomba kweli! Nikishika zamu, watu wanalia. Nilipenda kuomba kwa kutaja: jina la mtu, shida yake, na ilikoanzia. Nilijiambia kwamba Mungu anataka tuwe wawazi. Ukweli ni kuwa nilitaka watu wajue mimi ndiye ninayeambiwa siri.

Mama Tumaini, mzee wetu wa kanisa, aliliona hilo. Siku moja nilimwombea kijana wa jirani aliyekuwa mahabusu, na mama yake hakutaka ijulikane. Baada ya chai, Mama Tumaini aliniita uani, tukawa tunasuuza vikombe. Hakunifokea.

"Mwanangu, ulichoambiwa faraghani kiombee faraghani," alisema. "Ukifumba macho ukatangaza ya mtu, bado ni umbea. Jina lake Mungu analijua."

Jamani, nilivimba! Mdomoni nilisema nimesikia, mama. Moyoni nilisema huyu bibi ananionea wivu karama yangu. Jumamosi iliyofuata nikamjibu kwa maombi: nilimsihi Bwana awafunge midomo wote wanaozuia kazi yake. Kila mtu alijua namsema nani. Naye akaitikia amina kwa sauti yake ileile ya siku zote. Ile amina inanichoma mpaka leo.

Jirani yangu alikuwa amempangisha chumba binti mmoja, fundi cherehani kutoka Songea, hana mama. Mimi ndiye niliyemleta jumuiyani. Siku hizohizo alikuja kwangu akanieleza kuwa amepimwa, ana virusi, ameanza dawa na anaogopa sana. Alinishika mkono akaniomba nimwombee.

Ningemwombea palepale, tukiwa wawili. Kwa nini sikufanya hivyo? Kwa sababu nilikuwa bado nashindana na Mama Tumaini. Nilitaka aone kwamba sijanyamazishwa.

Jumamosi, binti mwenyewe akiwa amekaa mkekani, niliinua mikono nikamtaja kwa jina. Nilimwomba Mungu azibariki dawa anazomeza kila siku kwa kujificha, aisafishe damu yake. Ugonjwa sikuutaja! Utetezi huo niliushikilia kwa miezi, kana kwamba watu wazima wanahitaji kutajiwa.

Amina ilitoka kwa watu wachache. Nilipofumbua macho, nafasi yake mkekani ilikuwa tupu.

Wateja wake walianza kuja kuchukua vitambaa ambavyo hata havijakatwa. Mwenye nyumba akamtengea kikombe chake. Haukupita muda akahama bila kuniaga, na simu yangu hakupokea. Mie nikawa nasema amenikosea adabu. Hebu fikiria!

Baadaye tulisikia yuko Kurasini kwa kaka yake, anaumwa sana. Aliacha kwenda kuchukua dawa kwa sababu aliogopa kuonwa na mtu wa kanisani. Nilikwenda kwa Mama Tumaini nikalia sebuleni kwake kama mtoto. Hakuniambia "nilikuonya." Alichukua mtandio wake, tukaenda.

Tulimkuta amelala, amekwisha. Kaka yake alisema wameanza dawa upya, lakini mwili haupokei. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikaomba msamaha.

"Nimekusamehe, mama," alisema. "Ila naomba usiniombee. Hata ukiwa peke yako. Usilitaje jina langu."

Nilitaka kubisha. Mama Tumaini aliniwekea mkono begani, na safari hii nikanyamaza.

Sasa nifanye nini? Chakula nikipeleka, kaka yake anapokea mlangoni, mimi siingii. Uongozi wa maombi niliuacha mwenyewe. Nikipiga magoti nyumbani, jina lake ndilo la kwanza kunijia, nami nalimeza. Kitu pekee nilichojua kufanya duniani ni kuomba, na kwake nimekatazwa na ninastahili.

Nyie mnaosoma, mtu anayekupenda akikuita pembeni akakuonya, pokea. Usimjibu kwa maandiko wala usikimbilie kumwombea abadilike. Hata kama imekuuma, kaa kimya ujichunguze, maana anayelipa kiburi chako anaweza kuwa mtu mwingine kabisa, ambaye hakukukosea kitu.

Na kama mnajua kuomba, nisaidieni. Mwombeeni binti mmoja mgonjwa, fundi cherehani. Jina lake Mungu analijua.