Alama ya Mzinga Kwenye Gitaa

Mjukuu wangu wa kike hutengeneza magitaa kwa mkono, hapa kwetu Nuu. Nilimwambia hiyo si kazi ya kumlisha mtu, na sikumwambia mara moja. Lakini la tatu lilitoa sauti safi, nikanyamaza. Mwalimu wa kwaya kutoka Makindu akatuma neno kwamba atakuja kuliangalia. Angekuwa mnunuzi wake wa kwanza.

Msichana akasema gitaa lisilo na nembo kichwani watu hulidharau, na yeye hajui achore nini. Nikamuuliza kama anataka watu wajue limetoka kwa nani. Akasema ndiyo. Basi nikachukua kijiti nikamchorea chini alama ya ukoo wetu, mistari miwili na duara, ile babu yake alikuwa akiichoma kwenye mizinga ya nyuki. Sikusoma sana, lakini hiyo naichora hata nikifumba macho.

Akaipiga picha kwa simu, akaenda Mwingi kuichapisha kwenye karatasi ya pekee. Karatasi hiyo ukiiloweka, picha inabanduka, nyembamba kama ganda la kitunguu, unaitelezesha juu ya mbao na kuilaza kwa kitambaa. Mimi ndiye niliyeshika beseni. Ilikaa vizuri, nikajisifu. Ikabaki vanishi ya mwisho tu.

Mwalimu wa kwaya, mzee wa heshima, akaja na kupiga nyimbo mbili, uso ukamng'aa. Kisha akageuza kichwa cha gitaa kwenye mwanga, akaliweka kitini polepole.

"Mwaitu," akaniambia, maana hivyo ndivyo sisi humwita mama, "huu mzinga ni wa nani?"

Nikamjibu hilo ni gitaa. Akasema anajua ni gitaa, lakini yeye ni wa ukoo mwingine, na kitu chenye alama ya ukoo ni mali ya ukoo. Akisimama nalo kanisani, wazee watauliza amelitoa wapi, naye atakuwa mwizi wa mizinga mbele ya kwaya yake mwenyewe.

Mjukuu wangu akanigeukia. Hayo ya mzinga nayajua tangu utotoni, na watoto nimewachapa kwa makosa madogo kuliko hilo.

"Kosa ni langu," nikasema. "Lete maji."

Nikaibandua mwenyewe kwa ukucha. Mzee akacheka, akasema hajawahi kuona mtu akifuta ukoo wake haraka hivyo. Nikamwambia anywe chai anyamaze. Akakubali kurudi Jumamosi.

Safari hii sikutia mkono. Msichana akaandika kwa mwandiko wake jina la mahali petu, Nuu, akaenda tena Mwingi. Herufi tatu, hata mimi nazisoma.

Jumamosi mzee alilisoma kwa sauti, akalipa bila kubishana, akaondoka na gitaa limefungwa kwa leso yangu. Hiyo leso bado naingoja.