Kaburi la Bibi Lilipotoa Dhahabu

Mimi hakuna cha kunishangaza. Niliishia darasa la tano, leo nina gesti ya ghorofa mbili Bomani na wenye digrii wananiamkia. Mshangao wangu wote uliishia utotoni.

Kamji ketu kalianza na vitu vitatu: josho la ng'ombe, mahakama ya mawe ya wakoloni, na duka la Mzee Salumu, fundi cherehani aliyetoka pwani akazeekea huku. Basi. Tulikimbiza ringi za baiskeli kuizunguka mahakama, tukafinyanga ng'ombe wa udongo kando ya josho, jioni tukagombea ukoko wa ugali wa mtama jikoni kwa bibi. Kijana wa sasa umpe udongo, atauliza unachajiwa wapi.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenilea. "Mura, tembea kama mwenye kwao," alizoea kuniambia; mura kwetu ni kijana wa kiume. Alikufa wakati fununu za dhahabu ndiyo zinaanza. Wanaume wakamchimbia kaburi uani, karibu na zizi, kama desturi yetu. Walipofika kina cha kiuno, mtarimbo ukagonga jiwe jeupe. Mmoja akaliosha kwa maji ya kunywa. Lilikuwa na mishipa ya njano.

Baba akaamuru kaburi lichimbwe kwingine.

"Kaka, huyu ni mama yetu!" baba mdogo akamaka.

"Ndiyo maana katupa sisi. Mama gani anampa mwanawe halafu anakasirika?"

Bibi akafukiwa harakaharaka nyuma ya zizi, bila hata jiwe la alama, watu wasije wakauliza kwa nini tumehamisha kaburi. Lakini dhahabu haina siri. Haukuisha mwezi, wachimbaji wakamiminika kutoka Geita, Musoma, hata ng'ambo ya Sirari. Zizi likawa mashimo. Mahakama iling'olewa jiwe kwa jiwe, ikapondwa ionekane kama ina kitu. Mzee Salumu akauza cherehani anunue pampu ya kuvuta maji shimoni. Na kifusi chote kilimwagwa nyuma ya zizi, kikawa kilima. Baba aliezeka bati, akaoa tena, akanywa, dhahabu ikaisha.

Enzi zile mji haukuwa na hata taa moja, lakini kila kaburi lilijulikana la nani. Leo una taa na minara ya simu, na mimi sijui bibi yangu kalala wapi.

Mwaka jana nilikodi mtambo wa kijiko, tukafukua kile kilima siku nne.

"Mzee, kumbe dhahabu bado ipo?" vijana niliowakodi wakanitania.

"Natafuta mtu," nikawajibu. Wakaacha kucheka.

Hatukupata hata mfupa. Wazee wakashauri tuzike mgomba badala yake, kama afanyiwavyo marehemu asiyepatikana mwili. Tukauvisha shuka nyeupe, nikaufukia kwa mikono yangu, nikalia mbele za watu. Kijiko, dizeli, vijana, fahali wa kuchinja na saruji ya kaburi: jumla shilingi milioni nne, laki mbili na elfu thelathini na tano.